Mashua Haina Pa Kununia

Mtu akistaafu akapewa kiinua mgongo chake, mambo ya kufanya yanajulikana. Atajenga vyumba vya kupangisha, au atanunua bodaboda mbili awape vijana wamletee hesabu jioni, au ataoa mke wa pili. Bwana wangu, aliyemaliza ujana wake nyuma ya meza ya uhasibu, alinunua mashua. Majirani walikuja kunipa pole. Mmoja alininong'oneza kwamba afadhali angeoa, kwa sababu mke mwenza walau anazoeleka.

Mashua ilichongwa Nungwi, na haifiki mita 8. Ina mlingoti mmoja, tanga moja la pembe tatu, mashine ndogo ya kupachika nyuma ambayo huwaka siku ikijisikia, na jiko la mkaa lililowekwa ndani ya sanduku la mchanga ili tusiungue kabla ya kuzama. Choo ni kile cha kuning'inia nje ya tezi. Humo stara yako ni kanga na huruma ya mawimbi. Mpango ulikuwa kushuka na kaskazi hadi Mafia, Songo Songo na Kilwa, kisha kurudi na kusi, kama walivyofanya wazee karne nyingi bila kuulizana bei ya petroli. Wanangu wakiwasimulia wenzao, utadhani tuko fungate.

Kitu ambacho hawakisimulii, kwa kuwa hawakijui, ni kwamba mashua haina pa kununia. Nyumbani nikiudhika nina uani, nina jikoni, nina chumba cha wageni, na mambo yakizidi nina dada yangu Mkunazini. Kununa kwataka nafasi. Kwataka mlango wenye komeo, na nje ya mlango awepo mtu wa kugonga na kuuliza, "Kulikoni leo?" Kwenye mashua unaondoka kwa hasira, hatua chache tu, umefika baharini.

Haya niliyagundua kusini mwa Unguja. Upepo ulikuwa umeshiba, chombo kikalalia demani mpaka maji yakawa yanachungulia ndani. Bwana, mkono usukanini, akaniita kwa sauti laini ambayo sikuisikia tangu siku za posa: "Mke wangu, hamia joshi. Uzito wako unahitajika."

Miaka yote ya ndoa yetu hajapata kusema kwamba kitu changu chochote kinahitajika. Siku alipojaliwa kusema, ikawa uzito. Nilihama, maana kuzama kwa ajili ya heshima ni hasara tupu, lakini nilihama nimenuna na mgongo nikampa. Haukupita muda akataka kugeuza. Foromali na tanga lake vikazungushwa mbele ya mlingoti, iliyokuwa joshi ikawa demani, na ule uzito uliohitajika sasa ukawa kero. Nikatakiwa kuhama tena. Nikaenda omo, na kamba zote za dunia zikawa zinapita hapo. "Inama!" Nikaenda tezi, naye ndiko aliko. Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mimi tangu shule nilidhani hiyo ni hekima. Kumbe ni ratiba ya kazi. Nilimalizia ngamani kwelikweli, kata mkononi, nikiteka maji, kwani kalafati ya mashua ile ilikuwa na uamuzi wake.

Huku juu Bwana alikuwa anajisifu. "Tazama povu, tunakwenda!" Povu lilikuwepo, siwezi kumnyima. Ila mimi nilikuwa nikimshonea kofia, na kila nikimaliza kijitundu nainua macho, Ras Kizimkazi ipo palepale. Mkondo wa pwani yetu hutoka kusini kwenda kaskazini mwaka mzima; kaskazi huupunguza nguvu tu, haiugeuzi. Kwa hiyo upepo ulikuwa unatusukuma kwenda Mafia na maji yanaturudisha Unguja, na sisi tumekaa katikati, tunatoa povu. Nilimweleza. Akasema mhasibu hafundishwi kusoma hesabu. Nikarudi kwenye kofia.

Tulifika Mafia hata hivyo, na hapo ndipo maji yalipotusuta hadharani. Upande wa Kilindoni bahari ni ya kina kifupi, na ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hupanda na kushuka kama mita 4. Bwana alikuwa na jedwali la maji kwenye simu. Lilikuwa jedwali zuri sana, la mwezi uliopita. Tukatia nanga alasiri tukiwa tunaelea kama watu wa heshima. Asubuhi, jua limeshapanda, nikaamka nimelalia ukuta. Mashua imelala ubavu juu ya mchanga mkavu, sufuria zimehamia kwenye magodoro, na bahari iko mbali huko, ukitaka kuiona ukunje uso.

Sasa bamvua ndiyo siku ya akina mama wa pweza. Wakaja kundi zima na vijiti vyao, wakitembea juu ya ile tuliyoiita bahari, wakasimama ubavuni mwa chombo na kubisha hodi. Hodi! Mimi nimeshika mlingoti kwa mkono mmoja na kanga kwa mkono wa pili, nikawakaribisha. Wangekaa wapi? Wakauliza tunauza nini. Nikasema hatuuzi kitu, tunatembea. Wakatazamana. Bibi mmoja akauliza nahodha yuko wapi, nikamwonyesha miguu miwili iliyochomoza chini ya mkuku, ikijifanya inakagua mbao. "Mwezi si umeandama juzi," akasema yule bibi, akiielekea ile miguu, "baba hakuuona?"

Baba aliibuka amenuna. Na hapo mashua, iliyoninyima mimi nafasi siku zote hizo, ikampa yeye uwanja usio na mwisho. Akaondoka. Akatembea mchangani, mikono nyuma, kandambili zake begani, mpaka akawa kidoa. Nikapika uji kwenye jiko lililoinama, sufuria nimeiegesha kwa dumu la maji, nikamsubiri kwa raha zangu. Bahati yake mbaya, maji hayabembelezi mtu aliyenuna. Yalipoanza kujaa nilimwona kidoa kikigeuka, kikaongeza mwendo, kikakunja suruali, kikaanza kukimbia. Alipanda chomboni amelowa hadi kifuani, akaomba uji. Sikumuuliza kulikoni.

Wiki hiyo hiyo papa potwe alipita kando yetu, taratibu, madoa yake meupe yakihesabika. Samaki huyu hufikia mita 12 na zaidi, na chakula chake ni vijidudu vya majini na vidagaa, hana haja na mtu. Nilikuwa nayajua hayo. Bwana pia alikuwa anayajua, maana yeye ndiye aliyenifundisha, ila maarifa yalimtoka pamoja na sufuria ya wali, na vyote viwili vikaenda chini.

Ya Chole nitayafupisha, kwa kuwa bado tunabishana. Tulilala Chole, tukaamka Utende, ng'ambo ya maji. Mimi nasema nanga iliburura usiku kucha. Yeye anasema alikuwa amepanga kwenda Utende asubuhi, na kwamba tumeokoa muda.

Hivi sasa tuko Kilwa tunasubiri kusi. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331, na huku Kilwa Kisiwani, juu ya jabali linalotazama bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye bwawa la kuogea la pembe nane na vyumba zaidi ya mia. Mia! Hakuna mke aliyewahi kukosa pa kununia katika nyumba ile. Juzi Bwana aliponiambia nihamishe madumu ya maji kwenda upande mwingine, "na wewe uende nayo," nikashuka, nikapanda jabali, nikachagua chumba. Hakina dari wala mlango, lakini kuta zake ni nene za matumbawe na chokaa, na kivuli cha mchana ni kizuri mno. Nikakaa, nikanuna vizuri, kwa utulivu, bila mtu kuniambia niiname.

Simu ikalia. Alikuwa anataka kujua chumvi iko wapi.

"Imekuzunguka pande zote, Bwana," nikamwambia, "chota tu."