Wapotevu wa Hiari

Katika White Mountains, jimboni New Hampshire, Marekani, njia za miguu zimechongwa, zikachorwa ramanini na kuwekewa alama. Ndiyo maana kila majira ya baridi wako waungwana wanaozikwepa. Kwenye kilele cha Mount Washington, mmoja wa milima hiyo, upepo ulipimwa kilomita 372 kwa saa mwaka 1934. Wao hujibu kwa kununua koti jingine. Hufunga miguuni viatu vipana vya theluji, vinavyotawanya uzito mtu asizame, kisha hujitoma msituni kwenye miti michanga ya misprusi iliyofukiwa na theluji. Chini ya matawi yake hubaki uwazi usioonekana. Muungwana akikanyaga hapo huzama hadi kiunoni, vile viatu hunasa matawini, na hapo ndipo akili huanza kumrejea.

Jimbo linawajua. Likikuokoa na kubaini ulizembea, laweza kukudai gharama. Usihofu: tangu 2015 inauzwa kadi ya mwaka inayokuondolea deni hilo. Kadi husamehe uzembe, ujuba haisamehi. Hivyo mpotevu makini hupanga mapema, kabla hajatoka nyumbani, atapotea kwa kiwango gani.