Yah: Shukrani kwa Ushauri wa Kujifukiza

Kwa Wizara ya Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpangaji hapa Sakina, Kwa Iddi, jijini Arusha. Sakina zipo mbili: ya mageti na ya vyumba. Mimi ni wa vyumba, wapangaji saba, choo kimoja. Samahani kwa kuchelewa kushukuru. Kwetu hata maji hufika kwa zamu.

Mtakumbuka korona ilibisha hodi mkoani kwetu. Machi 16, 2020 Waziri Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, msafiri kutoka Ubelgiji aliyeshukia uwanja wa ndege wa KIA, akafikia kwetu. Kesho yake shule zikafungwa, nasi tukaambiwa tunawe kwa maji tiririka. Mwenye nyumba akaleta ndoo yenye koki, akaiweka juu ya stuli. Siku tatu ikatiririka. Ya nne, mama wa chumba cha pili akakumbuka kuwa dumu tunanunua, akaichukua ndoo akalowekea maharage. Sikumlaumu. Ushauri wa Mtumba huja saizi moja, na sisi tunaovaa mitumba tumezoea kupunguza wenyewe.

Vifodi navyo vikaamriwa leveli siti. Basi tukawa tunabanana kituoni, saa nzima, tukisubiri gari ambalo ndani yake hatutabanana.

Hamkutufungia ndani, na kwa hilo nawashukuru bila kejeli. Muuza ndizi wa soko la Kilombero akikaa nyumbani siku mbili, ya tatu hana mtaji. Ila wageni walifungiwa kwao: watalii zaidi ya milioni 1.5 wa mwaka 2019 wakashuka hadi kama 620,000 mwaka 2020. Jirani yangu alikuwa mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi wa mlimani. Alianza kuuza jaketi, kisha begi, mwisho buti. Januari 2021 akaanza kukohoa.

Bahati nzuri dawa ilikuwa ndani ya uwezo wetu. Waziri Dorothy Gwajima alituonyesha mbele ya kamera mchanganyiko wa tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili. Nyungu tukaipika wenyewe: mwarobaini, mchaichai na majani ya mkaratusi. Tukamfunika mgumu shuka la Kimasai, sufuria katikati ya magoti. Tukamfukiza mara tatu kwa siku, dirisha limefungwa, hadi ukuta ukatoa jasho kuliko yeye.

Alitaka tu kujua anaumwa nini. Mwenye tiketi ya ndege alilipia kipimo kwa dola, akapewa na cheti. Mgumu alikuwa na kikohozi, hakuwa na safari. Tulipompeleka hospitali moja tukaambiwa mtungi wa oksijeni upo, na bei yake ipo. Ng'ambo ya barabara, kwenye Sakina ya mageti, mtungi uliletwa nyumbani kwa gari.

Kwenye tangazo la msiba tuliandika "changamoto ya upumuaji", maana hilo ndilo neno lililokuwepo. Hesabu ya taifa ilikuwa imeganda tangu Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Alikufa nje ya hesabu, kwa adabu, bila kuharibu takwimu.

Baadaye mambo yakabadilika. Julai 2021 Rais Samia akachanjwa mbele ya taifa zima. Oktoba ukazinduliwa mpango wa UVIKO wa shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, yakajengwa madarasa 15,000. Mtoto wa kwanza wa mgumu anasoma kwenye mojawapo. Darasa zuri, halivuji. Juzi kaniuliza UVIKO ni nani, mbona kawajengea shule.

Ombi langu ni dogo: kwenye ile 21, ongezeni moja. Naambatanisha ndimu mbili zilizobaki. Zimekauka, lakini dozi hatukuimaliza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mpangaji, chumba namba 4.

Nakala: Mwenye nyumba (ndoo yake ipo, maharage bado yamo).