Tano kwa Moja

Nyumbani kwetu kuna dude tunaloliita redio kwa heshima tu. Ni redio, ni tochi, ni spika ya bluetooth, linapiga nyimbo za flashi na linachaji simu. Muuzaji wa Kariakoo alilinadi kwa sauti: "Tano kwa moja, bosi!" Alichonyamazia ni kwamba vyote vitano vinakula betri moja.

Umeme ukiwepo, halina neno. Ukikatika, ndoa inatikisika. Mama watoto anataka tochi jikoni, chapati ziko motoni. Kijana anataka kuchaji simu sebuleni. Mimi nataka mpira. Basi dude linakwenda jikoni, nami nalifuata, nasikiliza penalti huku mafuta yakinirukia. Simu nayo inanyonya. Mwanga unafifia, mtangazaji anaanza kukoroma, na kabla mpigaji hajaugusa mpira, giza! Tunalala bila matokeo, na chapati zimeungua.

Najua mtanitajia simu. Kweli, imemeza saa, kamera na kikokotoo, tukashangilia. Lakini kikokotoo hakiitwi jikoni wakati kamera inatakiwa sebuleni. Vyote ni vya mtu mmoja, na anavitumia kwa zamu. Tena hata simu ziliwahi kuvimbiwa. Mwaka 2003 Nokia walitoa N-Gage, simu na mashine ya michezo kwa pamoja. Ukitaka kubadili mchezo, utoe betri kwanza. Ukitaka kuongea, uibandike sikioni kwa ubavu, kama mtu anayesikiliza sambusa. Mwaka uliofuata ilibidi watoe nyingine, QD, kurekebisha vituko hivyo.

Ofisini nako tuna mashine inayochapa, inayotoa kopi na kuskani. Wino wa bluu ukiisha, inagoma hata kuskani. Kuskani kunataka wino wa nini, jamani? Fundi anasema ndivyo ilivyoundwa, kisha anaandika ankara.

Wiki hii tochi ya dude letu imekufa. Fundi wa mtaani amelifungua, akaguna, akalifunga. "Mzee, bodi ni moja. Nikigusa tochi, redio nayo inaondoka."

Ndugu zangu wa Kariakoo, niuzieni tochi inayowaka tu, isiyoimba wala kuchaji. Bei ya vyote vitano nitalipa.