Muulize Mjomba: Mikataba Miwili kwa Mpigo

Mjomba, shikamoo. Mimi ni mshauri mwelekezi wa kujitegemea, mambo ya maji vijijini. Nimepata mikataba miwili. Wa kwanza: shilingi 600,000 kwa siku, siku 40, nalipwa zote ripoti ya mwisho ikikubaliwa. Wa pili: 450,000 kwa siku, siku 60, nalipwa kila mwezi. Nichukue upi?
Njia Panda, Dodoma

Marahaba, mpwa. Umefanya la maana kuja kwangu kabla hujapoteza muda kwa wenye digrii. Mimi nilikuwa mshauri mwelekezi mjini hapa tangu enzi tukiitwa tu “yule bwana wa mkoba”. Mkoba wenyewe wa ngozi ya kenge. Watu walikuwa wanasimama kuupisha.

Sasa sikiliza. Mkataba hausomwi, unapimwa. Ipeleke buchani, iwekwe kwenye mizani mmoja mmoja. Cheka tu! Mwaka 1998 nilipeleka wangu Kariakoo, kwa muuza nyama ambaye haniuzii steki kabla hajaniuliza uchumi wa dunia unaelekea wapi. Ukagota robo tatu kilo. Kazi ya siku 10, karatasi robo tatu kilo! Uzito wote ule ni viambatisho, na humo ndimo walimoficha kwamba nauli na malazi ni juu yangu. Nikatoka na nusu kilo ya maini, yakavujia ukurasa wa 9, tone likatua penyewe: mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 7. Wenzangu wana wanasheria. Mimi nina maini.

Nilisaini hata hivyo, maana nilikuwa na kalamu mpya ya wino, kifuniko cha dhahabu (sitaki kujisifu). Ripoti nikapeleka. Wakaleta maoni. Nikarekebisha. Wakaleta maoni juu ya marekebisho. Halafu afisa wa kuidhinisha akaenda masomoni, na aliyemkaimu akaniambia yeye anakaimu kiti, hakaimu sahihi.

Hesabu unataka? Hiyo ni ya darasa la nne: 600,000 mara 40 ni milioni 24; 450,000 mara 60 ni milioni 27. Ile laki sita imekupofusha, ingawa kweli huo wa pili una siku 20 zaidi za kutembea juani. Kote watakukata asilimia 5, kodi ya zuio. Usigombane na mhasibu, mdai cheti. Utakihitaji ukifunga hesabu za mwaka na TRA. Na ukishikwa na malaria siku ya 31, hakuna likizo ya ugonjwa wala mwajiri wa kukuchangia NSSF. Homa yako, kitanda chako. Mimi nilikunywa supu ya pweza nikaandika sura tatu usiku ule ule, na zilisifiwa hadi Morogoro.

Mhariri ananionyesha saa. Haya: chukua wa pili. Wale wa kwanza waambie wakulipe asilimia 30 ukikabidhi ripoti ya awali, na waandike kwamba siku 14 zikipita bila maoni, ripoti imekubaliwa. Wakiridhia, na wa pili haukukatazi kufanya kazi kwingine, beba yote. Malipo ya mwezi wa kwanza yakiingia, pita Kariakoo unilipie yale maini.