Kapteni Kapewa Tano kwa Kiingereza

Mama, shikamoo. Na nyote mnaosomewa barua hii barazani, shikamooni, isipokuwa Salumu, ambaye nimemzidi umri na anajua.

Juzi kapteni wangu kafanyiwa mtihani wa Kiingereza. Msicheke kwanza. Mtu kazaliwa Texas, baba yake Texas, babu yake Texas. Alianza kurusha ndege mimi sijaanza hata madrasa. Hapa Ho Chi Minh City kaitwa chumbani, kaketishwa mbele ya binti wa Kivietnamu mwenye miwani na kinasa sauti, kaonyeshwa picha ya ndege iliyoacha njia na kuingia majanini. "Tafadhali, eleza unachokiona."

Kisa ni leseni. Leseni ya urubani ya Marekani, ambayo hata mimi ninayo kwa kuwa nilisomea Florida, inasema tu kwamba mwenyewe anakimudu Kiingereza. Basi. Kwa kiwango gani, haisemi. Nchi nyingine zinafuata ngazi za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga: 1 hadi 6, na ukiwa chini ya 4 safari za kimataifa huzigusi. Wanapima mambo sita: matamshi, sarufi, msamiati, ufasaha, kuelewa na kujibizana. Halafu hawajumlishi wakagawanya kama alivyotuzoesha mwalimu wa hesabu. Wanaitafuta alama ya chini kuliko zote, hiyohiyo ndiyo wanakuandikia. Pata sita mara tano, teleza mara moja ukapata tano, wewe ni wa tano.

Kapteni kapata sita kila mahali, kwenye matamshi tano. Anavuta neno kwa raha zake, akifika mwisho analimeza. Mwenye sita hapimwi tena. Mwenye tano hurudi baada ya miaka sita. Na kwa kuwa marubani wa abiria tunashushwa tukifika 65, na yeye keshapita sitini, mtihani ujao utamkuta kwao anachunga ng'ombe. Hilo halikumpoza hata kidogo. Alimuuliza binti: kama yeye Kiingereza kinamshinda, anakijua nani? Binti akaandika kitu.

Mimi nimepata sita. Namwona Mama anatabasamu, subiri. Nimepata sita kwa sababu Kiingereza changu hakina kwao. Nimekiokota kwa walimu wa Tanga, kwenye sinema, Florida na katika matangazo ya viwanja vya ndege, kikasuguka mpaka hakijulikani kabila lake. Jumapili nikapiga simu nyumbani, Mama kanisikiliza kidogo tu akauliza, "Wewe, mbona unaongea kama unasoma taarifa ya habari?" Kwa Kiswahili cha Ngamiani, mtaani kwetu Tanga, nakisia nimeshuka ngazi ya tatu, na wa tatu, nimeshasema, haruki.

Kampuni yetu bado changa. Sare zilitangulia kufika, ndege zikafuata kwa mwendo wao, kwa hiyo kuna kipindi tulikuwa marubani wa kupandisha na kushusha lifti ya hoteli, mabega yaking'aa mistari. Wamarekani wakongwe hutuliza nyoyo zetu kwa hadithi za waliotutangulia. Air Mekong, ambayo SkyWest, shirika la ndege la kwao, ilinunua hisa zake, ilianza kuruka 2010. Mwaka 2013 ikatua na haikuondoka tena. Ndiyo maana mshahara ukiingia tunaambiana kwa kunong'ona.

Lakini sheria niipendayo kuliko zote ni ya pikipiki. Vietnam inaitambua leseni ya kimataifa ya udereva iliyotolewa kwa mkataba wa Vienna wa 1968. Marekani inatoa ile ya mkataba wa Geneva wa 1949. Karatasi zinafanana, hazitambuani. Hivyo kapteni anaruhusiwa kuongoza Airbus yenye watu 180 ndani, ila Honda ya cc 110, inayobeba kreti za bia, kioo cha kabati na bibi wa watu, haruhusiwi mpaka apate leseni yao. Kilichobaki ni kipikipiki kisichofika cc 50, ambacho hakidai leseni. Sheria inamwachia mtoto wa miaka 16. Kakinunua. Asubuhi anakikalia magoti yakigusa usukani, na wasichana wa sekondari waliovaa áo dài, kanzu zao nyeupe, wanampita kulia na kushoto. Mimi, mtoto wa Tanga, mji wa baiskeli, napanda nyuma ya dereva wa kukodi na kufumba macho.

Tet, mwaka mpya wao, ndiyo iliyonipata. Watu wa kaskazini wanaofanya kazi viwandani huku kusini wanarudi kwao kwa mkupuo, kama mabasi ya Moshi mwezi Desemba. Tunakwenda Vinh ndege imejaa maboksi, watoto na akina mama waliovaa nguo mpya tangu uwanjani, tunarudi na viti vitupu kuchukua wengine. Wakishuka wanatuuliza, na sisi kwetu tunakwenda lini. Kapteni anawajibu kwa Kiingereza chake cha ngazi ya tano na hawamwelewi. Mimi naelewa, najitia kusoma vipimo vya mafuta. Idd mbili sasa nimezisikia kwa simu, na mara zote mbili kuna mtu alikuwa anatafuna karibu na kipaza sauti. Salumu, nilikusikia.

Mjomba, kuhusu ombi lako: ndege haishushi njiani, na Tanga haiko njiani.

Mama, ukipata mtu anayekuja huku, halua na karanga zitapita. Papa mkavu usiweke. Nchi nzima hii inakula mchuzi wa samaki asubuhi na jioni, na wa kisiwa cha Phu Quoc ndio sultani wao, lakini ukitaka kuingia nao kwenye ndege wanakutazama kama umebeba petroli. Harufu hawaitaki kabisa. Basi papa mwache. Ila ukiona moyo hauridhiki, mfunge mara tatu, na juu uandike ni vitabu.