Sifa Ziiendee Rufaa

Trans Nzoia husifiwa kwa mahindi, na watu wa Kachibora wana haki ya kujivunia magunia yao. Lakini mahindi yana msimu, tena yana viwavi jeshi. Rufaa ya pesa za ulemavu haijui kiangazi wala masika, haishambuliwi na mdudu yeyote, na sijasikia mtu akiisifu.

Pesa zenyewe ni za mpango wa Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mwenye ulemavu mkali, yaani mtu wa kuhudumiwa usiku na mchana, na kwao wawe maskini. Akikosa kuorodheshwa, rufaa humpokea kwa mikono miwili.

Uganga wake ni wa ajabu. Kijana ambaye hajatoka nyumbani miaka nenda miaka rudi anafungwa leso kiunoni, anabanwa kwenye boda kati ya dereva na mamake, wanaruka matope hadi kwa chifu, kisha matatu ya Kitale akapimwe. "Anaweza kujilisha?" Mama, kwa fahari ya mzazi, anasema kuna siku alishika kijiko, nusu ya uji ikafika mdomoni. Kalamu inaandika upesi. Kijiko kimoja, na mtoto amepona! Hakuna dawa iliyowahi kumfanyia hivyo.

Mantiki yake nayo haina mwanya. Aliyefika kujitetea ameonyesha kwamba hali yake si mbaya sana; asiyeweza kufika hajakata rufaa. Kwa hiyo hapana anayependelewa.

Halafu hesabu za biashara. Boda apate, matatu ipate, wa fotokopi apate, wa picha za pasipoti apate, na mwenye hoteli auze chai na mandazi kwa watu wanaongoja mtandao urudi. Pesa za serikali zikitoka (nasema zikitoka) zitakuta zimeshaliwa. Nani mwingine anainua jamii nzima hivyo?

Tena rufaa ni mwalimu wa Katiba. Bila yake, nani kijijini angejua kwamba kifungu cha 43 kinaiagiza serikali kuwapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu? Au kwamba kifungu cha 47 kinataka maamuzi ya ofisi yawe ya haki na ya haraka? Hilo la haraka mama hulisoma kwenye foleni, taratibu, hadi alikariri.

Ina adui mmoja tu, nao ni maandishi. Kifungu hicho cha 47 kinampa aliyeathiriwa na uamuzi haki ya kupewa sababu zilizoandikwa. "Jaribu mwaka ujao, mama" haina mahali pa kushikwa. Barua yenye tarehe na sahihi inaweza kufikishwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo haitozi ada kupokea malalamiko. Basi wewe unayelea mtu wa namna hiyo, usiondoke dirishani na jibu la mdomo. Dai barua.