Heshima kwa Cheni Iliyolegea

Wapo wanaosifu injini. Huko ni kujipendekeza kwa mwenye nguvu. Mimi asubuhi hii nimekaa juu ya jerikeni lililopinduliwa, chini ya mwembe wa fundi hapa Onduparaka, Uganda, suruali imelowa hadi magotini, na sifa zangu nazimimina zote kwa mnyonge: cheni ya pikipiki, hasa ile iliyolegea.

Mnyonge naye ana ukoo. Babu wa cheni hii ni Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester na mwaka 1880 akabuni cheni ya bushi na rola. Kwenye pikipiki nyingi za hapa, toka pini moja hadi ya pili ni milimita 12.7. Watu husema cheni imerefuka, utadhani chuma kimevutika kama ulimbo. Wanaisingizia. Kinacholika ni pini na bushi zake. Kila kiungo kikilika sehemu moja tu ya kumi ya milimita, jicho halioni kitu. Lakini viungo ni mia moja na ushee, kwa hiyo umeshapata zaidi ya sentimita nzima ya ulegevu. Nionyesheni mwanachama wa chama chochote cha kuweka na kukopa, Arua hadi Koboko, anayeweka akiba kwa nidhamu kama hiyo.

Na chakula chake si cha gharama. Sisi tunakula enyasa, yenyewe inakula vumbi jekundu la murram lililokandwa kwa oili chafu. Mwenye boda boda humwaga oili ile kila asubuhi kwa moyo mkunjufu, akidhani anailainisha cheni, kumbe amejitengenezea tupa ya majimaji. Cheni haimsahihishi. Inasaga tu, polepole, mpaka meno ya sproketi yachongoke kama ya papa.

Tena haina unafiki. Yangu ilianza kugonga kava lake wiki mbili zilizopita, chaka-chaka-chaka, kila nilipoachia mafuta. Nikaongeza sauti ya redio ya simu.

Kuna watakaosema ni tabu ya maskini hii. Basi wavuke mpaka waende Sudan Kusini. Huko Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limetumia SHERP, gari la Ukraine lenye matairi manne yaliyofika kimo cha mtu mzima, linalopita matopeni, likaingia mtoni na kuogelea kwa kilomita 6 hivi kwa saa, kisha likapanda ukingo upande wa pili kana kwamba halikulowa. Fungua ubavu wake uone kinachozungusha magurudumu. Cheni! Tofauti ni malezi tu. Ile imefungiwa ndani na kuogeshwa oili safi kama bibi harusi. Yetu inaoga kwenye mto Enyau, na mvua ikinyesha, inaoga kwenye kila dimbwi lililo njiani.

Hata timu yetu, Onduparaka FC, iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, inaitwa Caterpillars. Wasomi watasema huyo ni kiwavi. Sisi tuliokua tukitazama barabara ikichimbwa tunajua katapila ni nini, na tunajua kwamba ukilivua cheni zake linabaki kibanda cha chuma chenye usukani.

Sasa yaliyonikuta. Alfajiri nilifika kwenye kijito ambacho juzi kilikuwa nyayo za mbuzi tu, leo kimejaa. Nikakiingia kwa imani ya SHERP. Katikati, krak, injini inanguruma na gurudumu limetulia kama limetiwa nanga. Hapo ndipo cheni ilipofanya jambo ambalo mahubiri hayajafanya hapa kijijini: vijana watatu ambao hawajawahi kunisalimia waliingia majini kusukuma, na mama mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani akasimama ukingoni kutoa hukumu.

"Mwalimu, hukuisikia ikilia?"

Niliisikia, mama.

Fundi hakucheka, na namshukuru. Alilegeza nati ya ekseli, akavuta gurudumu nyuma, kulia na kushoto sawasawa kwa kufuata alama, akalizungusha kutafuta pale cheni inapokaza zaidi, ndipo akaipima kwa kuinyanyua na vidole. Sentimita mbili hadi tatu za mchezo. Nikamwomba aikaze kabisa nisisumbuke tena.

"Ukiikaza kama waya wa simu, mwalimu, tabu itahamia kwenye beringi."

Klipu ya kiungo cha kufungia ina umbo la samaki, naye aliigeuza ili kichwa kielekee cheni inakokwenda, mkia nyuma. Ukiiweka kinyume, jiwe moja likiupiga ule mkia, samaki anaruka na cheni inamfuata. Nilitazama mnofu wa kidole gumba chake ukiisukuma mpaka ikalia tik. Nilishawishika kumwambia mambo ya Manchester, nikajizuia.

Akazungusha gurudumu. Cheni kimya, imetulia, imependeza. Lakini chini yake kuna sauti nyingine, krrr, kama mtu anayetafuna mchanga.

"Hiyo sasa ni beringi," akasema. "Uliingia majini moto?"

Niliingia moto. Beringi iliyochemka ikizamishwa ghafla, hewa iliyomo ndani hunywea na kufyonza maji kupita kwenye sili. Alichomoa ekseli, akagonga mara tatu, akanimwagia gololi kiganjani. Zilikuwa rangi ya chai, mbili zimepasuka.

Nikarudi kwenye jerikeni langu, nianze kutafuta maneno mengine.